Mnaipenda Israeli, Jirani Hapana

Litein huwezi kukosa bendera ya Israeli. Utaiona kwenye matatu za Kericho na kwenye jukwaa la mkutano wa injili. Nimekua nikisikia spika zikiombea Yerusalemu hadi usiku wa manane, hatua chache tu kutoka dirisha la Myahudi pekee wa darasa letu. Huyo Myahudi ni mimi. Mimi sikuombewa amani. Niliombewa niokoke.

Mama ni wa Abayudaya, vilima vya Mbale, Uganda. Watu wake wanashika Torati tangu 1919, pale Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekosana na Waingereza, alipoamua kutahiriwa. Miaka ya sabini Idi Amin akaipiga marufuku dini yao, wakasali kwa kujificha. Baba ni Mkipsigis, dereva wa lori, njia ya Malaba ndiyo iliwakutanisha. Kwa hivyo usiniulize nilibadili dini lini. Nilizaliwa nayo.

Nikiwa na miaka 9 mwenzangu aliniuliza, "Mbona mlimuua Yesu?" Mimi hata kuku sikuwa nimewahi kuchinja. Jumamosi kulikuwa na masomo ya ziada, na kila Jumatatu nilisimamishwa mbele nieleze nilikuwa wapi.

Lakini iliyouma zaidi ni Desemba. Mimi nilitahiriwa nikiwa na siku 8. Rika langu lilipoingia menjo, nilibaki nikichuma majani chai na akina mama. Wenzangu walirudi wanaume, mimi nikabaki "wewe kijana". Leo nina miaka 26 na bado kuna vikao nikifika, mazungumzo yanakatika.

Aliyenielewa ni kogo, mama ya baba, ambaye Torati hakuijua kabisa. Siku moja mama alikataa mursik baada ya nyama, na mashangazi wakanuna. Kogo akacheka. "Hata sisi zamani hatukuchanganya. Nyama siku yake, maziwa siku yake. Ni nyinyi mmesahau."

Wazee husema Wakalenjin walitoka Misri. Sawa. Siku hizi hadithi hiyo imevutwa hadi ati sisi ni kabila la Israeli lililopotea. Watu wazima wanautafuta Uyahudi kwenye damu yao, na mtoto anayeshika Sabato hapo mtaani wanamwona shida.

Mtasema, "Lakini sisi tunawapenda Wayahudi!" Mnampenda wa kwenye kitabu. Huyo hakai darasani, hali kwenu, haombi ruhusa Jumamosi.

Kisha kuna lile la "si urudi kwenu Israeli". Mwaka 1903 Waingereza waliwapendekezea Wazayuni ardhi ya Uasin Gishu bila kumuuliza Mnandi hata mmoja, na 1905 Wazayuni wakaikataa. Mwaka 2017 Myahudi wa Kenya alifika uwanja wa ndege wa Ben Gurion akiwa na viza, akazuiwa na kurudishwa. Kule sisi ni Waafrika, hapa sisi ni Waisraeli. Kwetu ni wapi? Ni Litein, ambako kogo amezikwa.

Na nyinyi wa Nairobi msicheke. Wengine wenu mlinitaka nijibu kuhusu Gaza kabla hamjaniuliza jina. Watoto wanaouawa kule wananiuma kama nyinyi, lakini hakuna serikali iliyowahi kunituma. Kubeba bendera juu ya kichwa changu na kuichoma juu ya kichwa changu, kwangu ni mambo mamoja: kichwa chenyewe hamkioni.

Chuo nilikiacha mwaka wa pili. Karo ilichangia, sitadanganya. Lakini pia kulikuwa na mitihani miwili ya Jumamosi niliyoambiwa niirudie kwa kulipa. Niliwaonyesha Ibara ya 32 ya Katiba, inayosema mtu asinyimwe nafasi katika taasisi kwa sababu ya dini yake. Karani akasema, "Hiyo ni ya Waislamu na Waadventista."

Sitaki mtu abadili dini, wala sihitaji mkutano wa maombi. Kama wewe ni mwalimu, nipe mtihani siku nyingine. Kama ni wa rika langu, sogea nikae. Na kama ni jirani, Ijumaa jioni ukiona mishumaa miwili kwa dirisha letu, usiulize kama stima imepotea. Piga hodi. Chakula kipo.