Hesabu za malaria yetu zilipigwa kwa wenzetu, sisi tunasingizia fayawoli

Leo siasa naziweka pembeni, ingawa najua zitaingia zenyewe kwa mlango wa uani.

Ishu ni hii. Kuna programu ya bure inaitwa BOINC, ilitengenezwa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley. Ukiiweka kwenye kompyuta, muda ambao hiyo kompyuta imekaa bure inapiga hesabu za watafiti. Hesabu moja kubwa inakatwa vipande, kila mtu anatumiwa chake, akimaliza anarudisha majibu. Ni harambee, ila badala ya jembe unaleta kompyuta. Walioupa mchezo huu umaarufu ni SETI@home, walioanza 1999 kutafuta dalili za viumbe huko angani na wakaacha kugawa kazi mpya Machi 2020.

Utaniuliza viumbe wa angani wanatuhusu nini sisi wa Bagamoyo. Haya, tuwaache. Mwaka 2006 ulizinduliwa mradi mwingine kwa BOINC hiyohiyo, malariacontrol.net, wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, chini ya mpango wa Africa@home ambao CERN nao walikuwemo. Kompyuta yako ilikuwa inaigiza watu wa eneo zima: wanazaliwa, wanaumwa na mbu, wanaugua, wengine wanapona na wengine wanakufa. Halafu mtafiti anajaribu: tukigawa vyandarua itakuwaje? Tukileta chanjo je? Katika majaribio ya mwanzo, watu 500 wa kujitolea walipiga hesabu ambazo kompyuta moja ingezifanya kwa miaka 150. Na baadhi ya takwimu zilizojenga hiyo modeli zilitoka hapahapa nchini, mfano Namawala, bonde la Kilombero.

Sasa tuje nyumbani. Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi Bagamoyo. Watoto wachanga 340 wa huku walishiriki jaribio la chanjo ya RTS,S ambalo matokeo yake yalichapishwa 2008. Awamu ya tatu ilipoanza Mei 2009, sindano ya kwanza kabisa ilichomwa Bagamoyo, kabla ya vituo vingine vyote vya Afrika. Shirika la Afya Duniani likaja kuipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021. Kwa hiyo mbu ni wetu, homa ni yetu, na mapaja yaliyochomwa sindano ni ya wadogo zetu. Hesabu je? Hizo zilipigwa zaidi kwenye sebule za watu wa Ulaya na Marekani.

Mwaka 2006 tulikuwa na sababu. Mkonga wa SEACOM ulifika Dar Julai 2009. Kabla ya hapo ilikuwa setilaiti, kafe unalipia dakika na ukurasa mmoja unafunguka huku unamaliza soda. Leo hiyo sababu haipo. Iliyobaki nasikia ni moja: "maabara ya chuo ina fayawoli, imefunga kila kitu."

Tuangalie kama ni kweli. Fayawoli ni mlinzi wa getini. Mara nyingi kazi yake ni kuzuia wanaotoka nje kuingia ndani, na kwa wanaotoka ndani anaacha milango michache. Karibu kila mahali milango 80 na 443 inaachwa, kwa sababu ndiyo inayopitisha kurasa za kawaida za intaneti. Ukiifunga hiyo, hata barua pepe ya bosi haifunguki! Na BOINC inapita hapohapo. Yenyewe ndiyo inayopiga hodi kwa seva, seva haiji kuipigia hodi, kwa hiyo huhitaji kumwomba mtu afungue mlango wa kuingilia. Wenzao wa Folding@home walikuwa wabishi zaidi, matoleo ya zamani yalianza kwa kutafuta mlango 8080. BOINC haina makuu.

Kama chuo kinapitisha kila kitu kwenye proksi, ndani ya BOINC kuna sehemu ya kujaza anwani ya proksi, namba ya mlango, jina na nywila. Unajaza, basi.

Mara nyingi kinachokwamisha wala si fayawoli. Kompyuta za zamani betri ndogo ya ubaoni ikifa, kila ukiwasha saa inarudi miaka kumi nyuma. Seva inaonyesha cheti chake cha usalama, kompyuta inaona tarehe haziendani, inagoma. Kijana anasema "wamenifungia". Hakuna aliyekufungia kaka, nunua betri! Pale kwenye kafe za vocha pia, muda ukiisha BOINC inaomba kazi inarudishiwa ukurasa wa kulipia. Na kompyuta za kafe zenye Deep Freeze ndiyo usijisumbue kabisa, ukizima tu kila kitu kinafutika, pamoja na hesabu ya saa tisa.

Sasa siasa imeingia. Ukiwauliza wazungu mtandaoni ufanyeje na fayawoli, jibu la haraka ni "tumia VPN, pita chini kwa chini." Kwao huo ni ushauri wa kawaida. Kwetu Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zinakataza kutumia nyenzo za kufikia maudhui yaliyozuiwa, na adhabu inaanzia faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 12, au vyote pamoja. Oktoba 2023 TCRA ikatangaza kwamba wanaohitaji VPN kwa shughuli zao wajisajili kabla ya tarehe 30 mwezi huohuo. Mimi naona kanuni hiyo imetupwa kama nyavu ya kokoro, inazoa hadi dagaa. Lakini ndiyo iliyoandikwa, na sioni kwa nini mwanafunzi ajiingize kwenye kesi kwa ajili ya programu ambayo inapita mlango wa mbele bila shida.

Kitu ambacho BOINC haiwezi kukipita ni giza. Intaneti ilipozimwa nchi nzima siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, kwa siku kadhaa hapakuwa na mlango 443 wala nini. Kompyuta yenye kazi tayari ingeendelea kupiga hesabu kimya kimya, maana inahitaji mtandao wakati wa kuchukua na kurudisha tu. Ila kila kazi ina tarehe ya mwisho. Ukichelewa, kipande chako anapewa mwingine, na mwenye seva hajui kama umezimiwa au umelala.

Umeme nao tuuseme. Kompyuta ya wati 60 ikifanya kazi saa 10 kila siku inakula uniti 18 kwa mwezi. Anayejaza Luku ni mwenye kafe au chuo. Ndiyo maana kuiweka kinyemela siungi mkono, fayawoli iwepo isiwepo. Nenda kwa msimamizi wa maabara na hesabu hiyo mkononi, mwombe kompyuta tano, usiku tu, kwa mwezi mmoja wa majaribio.

Malariacontrol yenyewe ilishafungwa, ila programu yake, OpenMalaria, iko wazi na mtu yeyote anaweza kuipakua na kuiendesha bila kungoja seva ya Uswisi. Vyuo vya Bagamoyo vina maabara za kompyuta ambazo usiku zimefungwa kwa kufuli, na watafiti wa malaria ni majirani. Je, kuna aliyewahi kuvuka barabara kwenda kuwauliza?

Nawasilisha. Wasimamizi wa maabara mliopo humu, mnakaribishwa kunipinga.