UDUMAVU NA SHULE (SEHEMU YA 3): MAMA SIYE MZEMBE

Haya mama zangu, tuendelee. Baada ya sehemu ya pili meseji zilijaa: "Nesi, tatizo ni umaskini, acha kutusema."

Umaskini upo, sikatai. Ila nielezeni hili. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta Tanzania watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ni 57! Njombe na Rukwa kama 50. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi, mahindi, maharage, viazi. Gunia linapanda lori, mtoto anabaki na uji mweupe.

Halafu mtu anasema akina mama wa huko wazembe. Mzembe? Ana mimba ya miezi minane na jembe mkononi. Akijifungua, baada ya wiki chache karudi shamba, mtoto kaachiwa dada yake wa miaka saba. Naye si mtoto? Atapika nini zaidi ya uji? Na mahindi yakiuzwa, hela anashika nani? Tusidanganyane.

Sasa shule. Udumavu si ufupi tu, na msiniambie "ni wa ukoo". Ubongo unajengwa zaidi siku 1000 za mwanzo, tangu mimba inatungwa mpaka mtoto atimize miaka miwili. Zikipita, kurudisha ni kazi ngumu mno. Elimu bila malipo ilianza 2016, madarasa yakajaa, jambo jema. Lakini aliyekosa chakula tumboni mwa mama anaingia la kwanza tayari kaachwa nyuma. Anachekwa, anatoroka, la saba hafiki, au anafika na kufeli. Tunamwita mzito! Hakulishwa, jamani.

Baba, najua unasoma kwenye simu ya mkeo. Mayai usiuze yote. Mimba ikikua, jembe shika wewe. Na viongozi, mikataba ya lishe mnasaini kila mara mbele ya kamera. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ikifika, pikeni kweli, msijaze fomu tu.

Mama, kliniki usikubali apimwe uzito peke yake. Omba apimwe na urefu, uandikwe kwenye kadi. Nesi akinuna, mwambie nesi mwenzake kakutuma.

Sehemu ya 4 ni uji. Wale wa unga wa nafaka saba, njooni tugombane.