Kozi ya intaneti inahitaji mwalimu wa karibu

Tuliposhiriki kutayarisha kozi kubwa ya intaneti kwa viongozi wa makanisa, tulipanga video ndefu. Hatukufikiri juu ya vita. Oktoba 2022 M23 ilichukua Rutshuru na Kiwanja. Januari 2025 ikaingia Goma, na benki zikafungwa. Mkimbizi anayetafuta unga atanunuaje mega za kutazama video?

Hata hivyo, wapo waliomaliza. Hawakuwa wenye simu nzuri zaidi. Walikuwa wale waliokutana kila juma kanisani, wakasikiliza somo kwenye simu moja na kuulizana maswali.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1963 seminari ya Wapresbiteri huko Guatemala ilianza kuwafundisha wachungaji wakiwa kwao: walijisomea vitabu nyumbani, na mwalimu aliwafikia kwa mkutano wa kila juma.

Basi, kabla ya kununua kamera nyingine, tulipe nauli ya msimamizi katika kila parokia. Masomo yawe ya sauti, mafupi, yanayobebwa kwenye kadi ya simu. Nyumba ikiachwa nyuma, kikundi kinaweza kukutana tena kambini na kuendelea.