Jifya Moja Haliinjiki Chungu

Mpenzi msomaji, najua utashtuka. Jarida ni la Chama cha Kiswahili, nami nakuja na habari za muziki wa roki! Hata mhariri alipoona karatasi yangu aliniuliza, "Kwani umekosa diwani ya kuhakiki?" Nikamwomba asome hadi mwisho ndipo anihukumu. Nawe nakuomba vivyo hivyo.

Kwanza, usiseme muziki huu huujui. Siku ya michezo hapa shuleni, nani hajapiga mguu chini mara mbili na kofi moja wimbo wa "We Will Rock You" unapochezwa? Na timu yetu ya kandanda ikinyakua kombe, si huwa tunaimba "We Are the Champions" mpaka koo zinakauka? Basi nyimbo hizo mbili ni za bendi ya Queen ya Uingereza, na zilitoka mwaka wa 1977. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake likiwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya India, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ilihamia Uingereza. Sidai kwamba alikuwa malenga wa Kiswahili, la hasha! Nasema tu kwamba bahari aliyoiona utotoni ndiyo hii hii inayopiga Mombasa.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Mjomba wangu hutengeneza redio, na chini ya meza yake kuna katoni ya kanda za zamani. Likizo ya Aprili nilipekua humo nikakuta kanda ya "Mr. Bad Guy", albamu ya kwanza ambayo Freddie Mercury aliitoa peke yake, bila Queen. Ilitoka mwezi wa Aprili 1985. Lo! Niliichangamkia kama mtoto aliyeona mandazi. Nilijiambia, ikiwa ndani ya bendi ya watu wanne sauti hii ilitikisa dunia, itakuwaje ikiachiwa uwanja mzima?

Nikasikiliza upande wa kwanza, nikageuza, nikasikiliza wa pili. Nikarudia tena. Jioni mjomba akaniuliza, "Haya, mpwa wangu, umeonaje?" Nikamjibu, "Sauti ni tamu, mjomba, lakini mchuzi hauna chumvi."

Naomba nieleweke. Sauti yenyewe haikupungua hata kidogo. Wimbo wa "There Must Be More to Life Than This" ni mpole na unaingia moyoni. Lakini nyingi kati ya nyimbo zile 11 zimejaa vinanda vya umeme na mdundo wa dansi wa miaka ile. Ile roki nzito ya Queen, ambapo gitaa hujibizana na mwimbaji kama watu wawili wanaovutana bei sokoni, ni kama haipo. Unafika mwisho wa kanda, na ukijiuliza umebaki na nini, unakuta umebaki na sauti tu. Nyimbo zenyewe zimekwenda zao.

Wala si mimi tu niliyevunjika moyo. Uingereza albamu ilifika nambari 6, na hapo sina ubishi, si haba. Lakini Marekani ilikwama nambari 159! Huyu ni mtu ambaye mwaka wa 1980 bendi yake ilikuwa nambari moja huko huko Marekani. Kutoka kileleni hadi 159 ni safari ndefu ya kuteremka.

Hapa najua walioona filamu ya "Bohemian Rhapsody" ya mwaka wa 2018 watainua mikono. Watasema, "Ah, hiyo si ndiyo albamu iliyowagombanisha? Freddie si aliwasaliti wenzake?" Wazee, filamu ni filamu. Katika filamu ile inaonyeshwa kana kwamba Freddie ndiye wa kwanza kutaka kurekodi peke yake, na kwamba bendi ilivunjika. Ukweli ni kwamba Roger Taylor, mpiga ngoma wao, alikuwa ametoa albamu zake mbili kabla ya hapo, ya kwanza 1981 na ya pili 1984. Nayo Queen ilitoa albamu "The Works" mwaka wa 1984, na Januari 1985 ilitumbuiza Rio de Janeiro, Brazili. Kwa hivyo mimi simshtaki Freddie kwa usaliti. Kuimba peke yako si dhambi. Ninachouliza ni kwa nini mtu mwenye kipawa kile alitoa kazi dhaifu namna ile.

Wengine watasema ni uvivu. Hapana, kwa sababu aliishughulikia albamu hiyo tangu 1983, katika studio ya mji wa Munich, Ujerumani. Wengine watasema labda mtayarishaji hakufaa. Wapi! Mtayarishaji aliyeshirikiana naye ni Reinhold Mack, yule yule aliyefanya kazi na Queen. Basi tupige hesabu kama tulivyofunzwa. Mwimbaji ni yule yule. Mtayarishaji ni yule yule. Ukitoa, kinachobaki ni watu watatu: Brian May na gitaa lake, Roger Taylor na ngoma zake, na John Deacon na gitaa lake la besi.

Na watatu hao hawakuwa wapambe wa kushika mizigo. Kila mmoja wao alikuwa mtunzi. "We Will Rock You" aliitunga May. "Radio Ga Ga" ni ya Taylor. "Another One Bites the Dust" ni ya Deacon. Freddie akileta wimbo, aliuleta mbele ya watu waliojua kutunga kama yeye, na ambao wangeweza kumwambia bila woga, "Hapa umeteleza." Kwenye "Mr. Bad Guy" nyimbo zote 11 alizitunga mwenyewe, na waliompigia ala walikuwa wanamuziki wa kulipwa. Mtu unayemlipa atakwambia umeteleza? Mara chache sana. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi naongeza kwamba mgema asiye na wa kumkosoa hulitia maji bila hata kujua.

Kama bado unabisha, ushahidi ninao. Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Mwaka wa 1995 wenzake watatu walitoa albamu ya Queen iitwayo "Made in Heaven". Wakachukua nyimbo mbili kutoka "Mr. Bad Guy", yaani "Made in Heaven" yenyewe na "I Was Born to Love You", wakaiacha sauti ya Freddie, kisha wakapiga upya gitaa, besi na ngoma. Binamu yangu alinisikilizisha kwenye simu yake. Jamani! Sauti ni ile ile, lakini sasa ina miguu. Inakimbia, inasimama, inajibiwa. Nilihisi kama mtu aliyekuwa akiongea peke yake chumbani, halafu mlango ukafunguliwa jamaa zake wakaingia.

Tena kuna lile tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985 huko Wembley, la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Albamu yake haikuwa imemaliza hata miezi mitatu madukani. Queen walipanda jukwaani kwa muda wa dakika 20 hivi, na hawakupiga wimbo hata mmoja kutoka kwenye albamu hiyo. Walipiga za Freddie, za May na za Taylor, na mpaka leo watu wanasimulia.

Pengine utaniuliza, haya yote yanakuhusu nini wewe, mtoto wa shule ya kutwa? Yananihusu sana, na hapa naomba usinicheke.

Nikiwa Kidato cha Pili niliambiwa nina sauti ya dhahabu. Nikavimba kichwa. Wiki tatu kabla ya tamasha la muziki la kaunti ndogo niliiacha kwaya ya shule, nikajiandikisha kuimba peke yangu. Siku ilipofika nilianza juu mno, nikakimbiza wimbo kama matatu iliyoona polisi, na kwenye ubeti wa tatu sauti ikakatika. Nilikuwa wa mwisho. Nikiwa nyuma ya jukwaa nikifuta machozi ndipo nilipokumbuka jambo moja. Kwenye kwaya, mwenzangu wa sauti ya besi alikuwa akinikanyaga mguu kila nilipoanza kukimbiza wimbo. Nilikuwa nikimchukia kwa hilo! Siku ile hapakuwa na mtu wa kunikanyaga. Na kwaya nayo, kwa kuwa niliiacha na pengo, haikuvuka kwenda kiwango cha kaunti.

Nayasema haya kwa sababu nasikia mwaka huu kuna dada mmoja wa Kidato cha Pili, mwenye sauti inayonishinda mimi mara kumi, anayeshawishiwa aiache kwaya aimbe peke yake tu. Dada yangu, imba peke yako ukipenda, lakini usiwaache wanaokukanyaga mguu. Nanyi walimu wetu wapendwa, kwa heshima zote, tazameni jinsi tunavyotuza. Siku ya zawadi anayeimba peke yake hupewa zawadi yake mkononi aende nayo nyumbani. Kwaya nzima hupewa kikombe kimoja ambacho hufungiwa ofisini mwa mwalimu mkuu. Mtoto akiona hivyo atachagua nini?

Chungu huinjikwa juu ya mafiga matatu. Freddie Mercury, pamoja na ukubwa wake wote, alijaribu kupika juu ya jifya moja, na chungu kikapinduka. Sembuse sisi?

Mimi nimekwisha kurudi kwenye kwaya. Nawe mwenzangu wa besi, kama unasoma hapa, viatu vyangu ni vipya lakini mguu ni ule ule. Endelea kukanyaga.