SOMA HERUFI KABLA YA NAMBA



Gia ya mtambo wa chai ikiharibika, swali la kwanza huwa, "Nani aliyetia mafuta?" Lingefaa kuulizwa hili: "Namba aliyoambiwa ni ya kipimo gani?"

Mafuta hupimwa kwa mnato, yaani uzito wake katika kutiririka. Lakini vipimo ni vingi. Zamani Waingereza walihesabu sekunde za Redwood, Wamarekani sekunde za Saybolt, Wajerumani digrii za Engler. Siku hizi magari hutumia namba za SAE, na mitambo ya viwanda namba za ISO VG, zilizowekwa mwaka 1975.

Namba ya ISO VG ni mnato wenyewe, kwa sentistoksi, mafuta yakiwa na joto la digrii 40. Yaweza kuzidi au kupungua sehemu 10 katika 100. Namba ya SAE ni alama tu, na hupimwa kwa digrii 100. Yenye herufi W imepimwa katika baridi pia. Tena mafuta ya gia za gari yana orodha yake, mbali na ya injini. Kwa hiyo SAE 90 ya gia si nzito mara mbili kuliko SAE 40 ya injini, zakaribiana.

Basi mtu akiambiwa "tia namba 40", akaona pipa la 46, atadhani ni jirani. Sivyo. SAE 40 ya injini iko karibu na ISO VG 150. ISO VG 46 ni nyepesi sana. Sisi wa reli twajua: beringi ikipewa mafuta mepesi kuliko inavyotaka, hushika moto. Wala vidole havipimi, kwa maana mafuta ya asubuhi ya Bomet, na baridi yake, si mazito sawa na yale yaliyokaa karibu na tanuri la kukaushia chai.

Kwa hiyo yatupasa kudai haya: kila mtambo uandikwe kipimo na namba, mafuta yasihamishiwe katika debe lisilo na alama, na mafunzo yatolewe kwa Kiswahili, saa za kazi.

Na ukishtakiwa kwa makosa ya kazi, kumbuka Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41. Kabla ya kukufukuza, mwajiri lazima akueleze sababu kwa lugha unayoifahamu, mbele ya mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua. Mwakilishi huyo na aombe kwanza kuonyeshwa maandishi yaliyokuwa kwenye pipa na kwenye mtambo.