SIKU ZAKO NAZO ZINA BEI

Hapa Ifakara, ukimwita kibarua akupalilie mpunga, jioni unamlipa. Huwezi kumwambia "nipunguzie, si mikono tu hiyo." Sasa wewe msukaji wa mikeka, kwa nini unahesabu ukindu na rangi tu, halafu siku zako unazigawa bure?

Mimi naona tunajionea wenyewe. Piga hesabu, mfano mkeka mkubwa:

👉 Ukindu na rangi: 12,000
👉 Siku 6 za kusuka na kushona, kila siku 5,000: 30,000
👉 Faida: 8,000
✅ Bei: 50,000

Nauli ya mzigo kwenye basi mpaka Dar ni ya mteja. Iandike pembeni.

Mteja akisema "mwisho 30,000", ukikubali, toa 12,000 ya vifaa. Siku yako imebaki 3,000 na faida hakuna. Usigombane naye. Mwambie: "Kwa hela hiyo dada yangu, nakusukia mdogo wa kuswalia." Punguza mkeka, usipunguze siku zako.

Na bei iweke wazi kwenye posti. Ukiificha inbox, mteja anajua hata wewe unaiogopa.

Haya, wewe siku yako unaiuza shilingi ngapi? 👇