Anayekuambia "Kadi Imekufa", Muulize Ameipimaje



Najua wengi mnaofungua ukurasa huu mnatafuta habari za mbolea, viwavijeshi na bei ya ufuta. Leo tunaongea habari za sauti, na wapo watakaosema afisa ugani ameishiwa mada. Sijaishiwa. Katika vijiji ninavyopita, ile kadi ndogo ya sauti inayochomekwa kwenye USB ya kompyuta imekuwa kifaa cha kazi kama mizani. Mwenye kibanda cha kuweka nyimbo kwenye memori kadi anaitegemea ili mteja asikilize kabla ya kulipa. Kikundi cha wakulima kinaitegemea kusikiliza vipindi vya kilimo kwenye kompyuta ambayo tundu lake la hedifoni lilishachoka zamani. Kadi hiyo ikianza kutoa sauti mbovu, pesa inatoka mfukoni na somo linapotea.

Na pesa hiyo inatoka bure. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Unapeleka kadi mjini. Muuzaji anaishika, anaigeuza mara mbili, anasema, "Hii imekufa, chukua hii mpya." Hajaichomeka popote. Hajauliza ulikuwa unatumia hedifoni gani, umeme gani, wala ulikuwa unasikiliza nini. Ni sawa na muuza pembejeo anayekuuzia urea kwa sababu tu umemwambia mahindi yamekuwa ya njano. Njano ya kukosa naitrojeni huanzia majani ya chini, kwenye ncha, ikafuata mshipa wa katikati. Shamba lililotuamisha maji nalo huwa la njano, na urea haitoi maji shambani. Dawa bila kupima ni biashara ya mwenye duka, si yako. Kijana mmoja mwenye kibanda alinunua kadi tatu katika msimu mmoja, na zote tatu zilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu ni hedifoni, kwa maana kwamba pini yake haikupatana na tundu.

Basi tuanze na pini, maana hapo ndipo watu wengi wanapoibiwa.

Itazame pini ya hedifoni yako. Ina pete nyeusi. Zikiwa mbili, pini imegawanyika vipande vitatu: cha sikio la kushoto, cha sikio la kulia, na cha njia ya kurudi ambayo masikio yote mawili yanaitumia. Zikiwa tatu, vipande ni vinne, na hicho cha nne ni cha maiki. Hedifoni za simu ni za vipande vinne. Kadi nyingi za USB zina matundu mawili, moja la hedifoni na moja la maiki, na kila tundu limetengenezwa kwa pini ya vipande vitatu. Ukichomeka pini ya vipande vinne humo, mara nyingi itapiga vizuri, lakini mara nyingine chuma cha ndani ya tundu kitagusa kipande cha maiki badala ya njia ya kurudi. Tatizo lina baba yake pia: watengenezaji hawakukubaliana mpangilio mmoja. Kuna hedifoni ambazo kipande cha mwisho kabisa ni maiki, na nyingine, hasa za zamani, ambazo kipande cha mwisho ni njia ya kurudi. Kwa macho zinafanana.

Njia ya kurudi isipogusa, umeme wa sauti unaingia sikio moja na kutokea sikio la pili. Chochote kilicho sawa pande zote mbili kinafutana, na kinachobaki ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Sasa kumbuka kwamba katika nyimbo nyingi mwimbaji huwekwa katikati, sawasawa pande zote mbili. Kwa hiyo mwimbaji anapotea, au anasikika kama yuko ndani ya kisima, huku magitaa na vinanda vikielea pembeni. Kipindi cha kilimo kina hali mbaya zaidi. Mtu anayeongea mbele ya maiki moja yuko sawa kabisa pande zote mbili, kwa hiyo anafutika karibu wote. Ndiyo maana utasikia watu wakilalamika kwamba "kadi inapiga muziki lakini masomo haipigi", na wengine wanaanza kusema faili za masomo zina virusi. Hazina. Njia ya kurudi haijagusa, basi.

Kupima ni bure. Weka wimbo unaoujua vizuri. Kama hedifoni ina kitufe cha kupokelea simu, kibonyeze na ukishikilie. Mwimbaji akirudi, umeshapata jibu: kitufe kile kinaunganisha maiki na njia ya kurudi, na kadi yako ni nzima. Kama haina kitufe, vuta pini nje kidogo sana, kama unene wa ukucha, usikilize kama sauti inajaa. Ikijaa, jibu ni lilelile. Dawa yake ni hedifoni yenye pete mbili nyeusi, au ule waya mfupi wenye tundu moja upande huu na pini mbili upande wa pili, moja ya hedifoni na moja ya maiki. Waya huo haufiki bei ya kadi nzuri, na hauna cha kuungua. Kwa zile hedifoni za mpangilio wa zamani, waya unaweza usisaidie, kwa hiyo ujaribu dukani na hedifoni yako mwenyewe.

Kama sikio moja linakufa na kufufuka ukizungusha pini, hapo ni uchafu au tundu limelegea. Zima kompyuta, chomoa kadi, futa pini kwa pamba yenye spiriti ya dukani, iingize na kuitoa mara kadhaa, subiri ikauke. Usitumie mafuta ya taa, na usichokoe ndani kwa waya wa stepla. Wewe mwenye kibanda, ambaye wateja wanachomeka na kuchomoa kutwa nzima, nunua waya mfupi wa kurefushia na uuache umechomekwa kwenye kadi siku zote. Wateja wachomeke kwenye mwisho wa waya. Kitakachochakaa ni waya. Ila nao uwe na vipande sawa na vya hedifoni, usije ukarudi kwenye ugonjwa wa mwanzo.

Sasa kelele. Kuna mlio wa nzi, kuna mngurumo, kuna mkwaruzo, na mafundi wa kubahatisha wanaviita vyote "kadi imechoka". Kwanza chomoa chaja ya kompyuta, uache inaendeshwa na betri. Mngurumo ukiondoka, mshtakiwa ni umeme. Sisi wa sola tunalijua hili: inveta nyingi za bei rahisi hazitoi umeme laini, zinatoa umeme wa ngazi ngazi, na ngazi hizo zinapita kwenye chaja hadi masikioni. Utabadilisha kadi kumi na mngurumo utabaki palepale. Sikiliza kwa betri, au tafuta chaja nyingine.

Mkwaruzo unaokatakata ni jambo jingine. Tundu la USB 2 la kawaida hutoa volti 5 na mkondo wa miliampea 500. Wewe umechomeka kigawanyio chenye matundu manne, na humo kuna kadi ya sauti, modemu, flashi na simu ya mteja inayochaji. Halafu unashangaa sauti inakohoa! Toa kadi kwenye kigawanyio, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, simu za wateja zichajiwe kwingine. Jaribu na tundu la upande wa pili pia, kwa sababu matundu ya USB nayo yanalegea.

Upande wa kompyuta sitakaa sana. Hakikisha kwanza kwamba sauti inatoka kwenye kadi ya USB kweli na si spika za ndani, maana Windows hubadilisha yenyewe ikijisikia. Kwenye mipangilio ya sauti kuna sehemu iliyoandikwa "Communications"; kwa kawaida imewekwa ishushe sauti nyingine kwa asilimia 80 kila inapodhani unapiga simu. Chagua "Do nothing". Zima vikorombwezo vyote vya kuongeza beesi na mwangwi. Na wapenzi wa VLC, ile alama ya sauti inapita 100 hadi 125. Huko juu haikuongezei ubora, inakata vichwa vya mawimbi, na mkwaruzo unaousikia umeutengeneza wewe. Shusha VLC hadi 100, uongeze kwenye Windows.

Lipo kosa ambalo hata muuzaji mwaminifu hawezi kulitibu: chanzo kibovu. Mkutano wa chama umerekodiwa kwa simu ya zamani, kutoka benchi la nyuma, feni ikivuma, kisha faili limetumwa kikundi hadi kikundi. Simu nyingi za zamani zilirekodi kwa mtindo wa AMR, unaochukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde, yaani sauti ya simu ya kupiga. Kilichotupwa wakati wa kurekodi hakirudi. Na hapa nawasema wenye miradi wanaogawa masomo ya sauti ya namna hiyo kwa vikundi, kisha wanaandika kwenye ripoti kwamba wakulima "hawana mwamko". Mpe mkulima sauti inayosikika kwanza. Simu iwe karibu na mdomo wa anayeongea, umbali wa mkono mmoja. Hilo tu linazidi kadi yoyote utakayonunua.

Niseme pia juu ya ile "7.1" inayoandikwa kwenye maboksi. Maana halisi ya 7.1 ni spika saba na ya nane ya beesi, kila moja na njia yake. Geuza kadi uhesabu: tundu moja la hedifoni, lenye kushoto na kulia. Hizo njia nyingine zinapita wapi? Ni programu inayochanganya sauti ionekane inazunguka kichwa, na kwa mtu anayesikiliza mafunzo ya kuhifadhi nafaka ni usumbufu mtupu. Usiongeze hata shilingi kwa ajili ya maandishi hayo.

Utaniambia, "Bwana shamba, mimi si fundi, nitayajulia wapi yote haya?" Lakini hujaombwa kufungua kitu. Una vitu vitatu: hedifoni, kadi na kompyuta. Badilisha kimoja kimoja. Hedifoni hiyohiyo ichomeke kwenye redio au simu yenye tundu. Kadi hiyohiyo ichomeke kwenye kompyuta ya shule, au kwenye simu ya Android kwa ule waya wa OTG. Simu nyingi zinaikubali. Ubaya ukihama pamoja na kadi, kila mahali, kwa hedifoni tofauti na bila chaja, basi hapo kadi imekufa kweli na sitabishana na mtu. Ukihama na hedifoni, kadi umeiokoa. Kazi hiyo haimalizi nusu saa, na mfanyabiashara anayepima ufuta wa mtu kwa gramu hawezi kusema hana muda wa kupima kifaa chake.

Kuna sababu nyingine ya kutoliacha jambo hili. Sauti ikiwa hafifu au ya kisimani, watu hawatengenezi, wanaongeza. Nimewaona vijana wa vibandani wakisikiliza kwa sauti ambayo mtu aliyesimama hatua tatu anaweza kuimba nao. Shirika la Afya Duniani linaweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Ikifika desibeli 90, muda unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Mwenye kibanda anazimaliza saa hizo 4 kabla ya chakula cha mchana cha Jumatatu. Kadi utanunua nyingine. Sikio likishakufa hakuna duka la Kariakoo linaloliuza.

Kwa hiyo safari ijayo ukienda mjini, nenda na hedifoni yako mwenyewe na faili mbili kwenye flashi: wimbo mmoja unaoujua na kipindi kimoja cha mtu anayeongea. Kadi ya zamani ichomekwe mbele yako, na hiyo mpya ichomekwe mbele yako, kwa hedifoni ileile. Sikiliza mwimbaji yuko katikati, sikiliza mzungumzaji anasikika, zungusha pini taratibu. Muuzaji akisema hana kompyuta ya kujaribia, mwombe ya jirani yake. Akikataa na hilo, mshukuru, uvuke barabara uende duka linalofuata.